Azimio la Kwamba Bahari Haijasogea

Watu wote wa Santa Rufina, pamoja na kuku na mbwa walio karibu na vipaza sauti, walitangaziwa Jumatatu asubuhi, mara baada ya bendera kupandishwa, kwamba kuanzia siku hiyo mambo ya kale ya pwani yao yangesimamiwa na Kamati. Hapo awali mambo ya kale yalikuwa yakijiendea ovyo, kila mzee na lake, na halmashauri ilikuwa imevumilia vya kutosha. Sasa Kamati ya Kudumu ya Uthabiti wa Kihistoria wa Pwani ingekusanya kumbukumbu zote za Hifadhi ya Pwani, ingezichambua kitaalamu, na mwishowe ingethibitisha kwamba bahari haijasogea, ufukwe haujapungua, na mikoko haijawahi kuota mahali ambapo leo haioti.

Watu walipiga makofi ya wastani, kama wanavyoipigia ratiba ya kukatika umeme.

Aliyesoma tangazo hilo alikuwa Katibu wa Kamati, Eleuterio Pabalan, ambaye mji mzima ulimwita Teryo. Mwenyekiti alikuwa Meya. Makamu alikuwa mke wa Meya, na Mtunza Hazina alikuwa shemeji wa Meya. Kiti cha mwisho, cha plastiki, kiliwekwa kwa ajili ya mwananchi wa kawaida, na kwa kuwa mwananchi huyo hakuteuliwa, kiliwekewa feni.

Meya mwenyewe alikuwa Anselmo Montelibre wa Tatu. Baba yake alikuwa Meya, na babu yake, Don Anselmo, alikuwa Meya kabla ya wote. Katika ukoo ule umeya ulirithiwa kama watu wengine wanavyorithi matege. Lakini hakuna aliyemwita Anselmo. Walimwita Meya Boyet, jina lake la utotoni, na mabango yenye uso wake yalikuwa kwenye kila kituo cha baiskeli za abiria, kila choo cha umma, na kila nyumba iliyowahi kupokea mchele wa msaada.

Teryo alikuwa mtu wa mkataba. Alianza kazi katika halmashauri nywele zake zikiwa nyeusi, na kila baada ya miezi sita mkataba wake ulikufa na kufufuliwa, na kila mara alikwenda kumshukuru Meya kana kwamba ndiyo kwanza anaajiriwa. Meza yake ilikuwa pembeni ya mashine ya fotokopi, kwa hiyo upande wake wa kushoto ulikuwa na joto kuliko wa kulia. Kitu kimoja tu alikitamani duniani: ajira ya kudumu. Na Meya alikuwa amemwambia, huku akimshika bega mbele ya watu, kwamba Kamati ikimaliza kazi yake vizuri, mambo yake nayo yatakuwa ya kudumu.

Kisa cha Kamati kilikuwa hiki. Mkoa ulikuwa ukichora upya mipaka ya Hifadhi ya Pwani ya Punta Rufina, kwa sababu mawimbi yalikuwa yamezidi adabu. Sheria ya Mkoa ilikuwa fupi, jambo lililowashangaza wengi. Kumbukumbu za kihistoria zikionyesha kwamba mahali fulani palikuwa na mikoko, basi mahali hapo patarudi Hifadhini, aliyejenga ataondoka, na wavuvi wanaoishi pembeni watabaki kama walinzi wa miti. Zikionyesha kwamba palikuwa mchanga mtupu tangu zamani, halmashauri inaweza kumgawia imtakaye.

Mahali penyewe paliitwa Bakawan, yaani mikokoni, lakini Meya alikwisha kueleza kwamba majina hayathibitishi kitu. Mbona yeye aliitwa Boyet, jina la kitoto, na ana wajukuu? Upande mmoja wa Bakawan palikuwa na Hoteli ya Montelibre, yenye bwawa la kuogelea lenye umbo la moyo. Upande wa pili ulikuwa na mkanda mwembamba wa mikoko iliyobaki, na nyuma ya mkanda huo nyumba za mianzi za wavuvi. Meya alikusudia kuipa hoteli bwawa la pili, kwa kuwa moyo mmoja huona upweke. Nyumba na miti vingeondolewa kwa heshima zote.

Katika moja ya nyumba hizo aliishi dada yake Teryo, Consolacion, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Hilo halikuwa kwenye ajenda.

Teryo alianza kazi kwa moyo wote. Alikwenda parokiani akatoka na kitabu cha padre mmoja Mhispania wa zamani, aliyelalamika kwamba mbu wa mikokoni walimng'ata katikati ya misa hata akaruka Injili. Kamati ilijadili. Meya alisema padre huyo alikuwa mgeni, na mgeni hajui mkoko wala mgomba. Shemeji aliongeza kwamba mbu nao hawakutajwa kwa majina. Kitabu kikakataliwa.

Akaleta ramani ya wapimaji wa kabla ya vita, iliyotiwa vijiti vya kijani pwani nzima. Mke wa Meya, aliyewahi kusomea ushonaji, alisema ile ni nakshi ya ukingoni tu, kama lesi. Nayo ikakataliwa.

Akaleta wazee. Hao walisimulia jinsi walivyokuwa wakitafuta kaa kwa kupita juu ya mizizi ya mikoko, kutoka nyuma ya kanisa mpaka kwenye rasi, bila kulowa hata ukucha. Mmoja alionyesha kidole kilichokatwa na kaa wa enzi hizo. Meya alikiangalia kidole kwa huruma, kisha akamwuliza mwenye kidole alimpigia kura nani. Wazee wakakataliwa kwa wingi wa kura, feni ikipuliza bila upande.

Baada ya kikao Meya alibaki amejiegemeza kitini, mwenye huzuni.

"Unajua tatizo la historia, Teryo?" alisema. "Kila mtu anayo."

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Lazima tuiwekee kiwango. Mchele una kiwango, saruji ina kiwango. Kwa nini zamani isiwe na kiwango?"

Hapo ndipo lilipozaliwa Azimio. Meya alitembea huku na huku akisema, na Teryo aliandika. Kumbukumbu ya kihistoria itahesabiwa kuwa halali ikiwa tu imebeba sura ya mtu wa ukoo wa Montelibre, aliye hai au marehemu, akiwa katika shughuli rasmi. Kumbukumbu nyingine zote zitahesabiwa kuwa umbea. Na kumbukumbu yenye sura ya Montelibre haitakatwa, haitafutwa, haitakunjwa wala kukanushwa na mtu yeyote. Hapo Meya alisimama, akamkumbuka binamu yake aliyegombea dhidi yake uchaguzi uliopita na kuchana mabango yake usiku kucha.

"Ongeza: hata akiwa Montelibre mwenyewe."

Teryo aliongeza. Aliporudi mezani kwake alilisoma Azimio zima kwa sauti ndogo, akaona ni safi kama maji ya kunywa. Akatoa nakala, na mashine ikampasha joto upande wa kushoto.

Jumapili alikwenda Bakawan kula kwa dada yake, kama kawaida. Nang Consing, yaani dada Consing, kama mji ulivyomwita Consolacion, alikuwa kibarazani akigeuza ng'onda kwenye tandiko la mianzi, kofia pana kichwani. Hakuacha kazi. Alimwambia mdogo wake aketi, avue viatu vya ofisini, ale kwanza, maana amekonda kama mti wa bendera. Ndani kulikuwa na wali, samaki mkavu wa kukaanga, na siki yenye pilipili. Teryo alikula. Yeye alikuwa na miaka hamsini na ushee, mwenye miwani ya kusomea, lakini katika nyumba ile aliitwa Toto, kama wadogo wa kiume wanavyoitwa na dada zao kote kisiwani, na alisafisha sahani mpaka ikang'aa.

Nang Consing aliuliza habari za Kamati. Teryo alieleza taratibu. Alieleza viwango, uhalali na hatua za uthibitisho, na jinsi ambavyo wananchi wanapaswa kuwa na subira na mchakato. Dada yake alimsikiliza akimtolea mwiba paka.

"Sasa hao wakinitoa hapa," alisema, "mchakato utanipeleka wapi? Kwako? Mkeo hawezi hata harufu ya mfuko wangu."

Teryo alisema watu wa Bakawan watapewa viwanja karibu na machimbo ya mawe, penye mandhari.

"Kule hakuna bahari."

"Unaiona kwa mbali."

"Hata mwezi nauona kwa mbali, Toto. Sijawahi kuuvua." Aliangalia mkanda wa mikoko uliokuwa ukitikisika mbele ya nyumba. "Kile kimbunga kilichong'oa paa la kanisa, mimi na majirani tulikaa hapa hapa. Hii miti ilipigwa kwa niaba yetu. Na wewe unaandika kwamba haikuwepo."

"Siandiki kwamba haikuwepo, Nang. Naandika kwamba haijathibitishwa."

"Haya. Siku nikichukuliwa na wimbi, andika sijathibitishwa."

Teryo alijiongezea wali. Ili ageuze mazungumzo, aliuliza kama dada yake hana kumbukumbu yoyote yenye sura ya Meya, maana sasa hiyo ndiyo inayotakiwa. Nang Consing alikuwa nazo nyingi. Alikuwa na kalenda ya Meya, pepeo la Meya, na mfuko wa mchele wa Meya alioufanya pazia la bafuni. Zote zilikuwa za juzijuzi, na kwenye pazia Meya alikuwa peke yake, hakuna pwani.

"Za zamani kazitafute studio," alisema. "Si kila mwaka mnakuja hapa na bendi kupanda miche? Don Anselmo alipanda, mwanawe akapanda, na huyu anapanda. Pale pale penye nguzo. Hujawahi kujiuliza kwa nini nafasi haijai?"

Teryo alijibu kwamba huo ni mpango wa matumizi bora ya ardhi.

Lakini njiani alijiuliza. Nguzo yenyewe ilikuwa ya saruji, imeandikwa jina la Don Anselmo, aliyeisimika kwa mkono wake. Kila Siku ya Mji, Montelibre aliye madarakani huenda hapo na mche wa mkoko, huinama, hutabasamu, hupigwa picha. Mche hupandwa kwenye tope linaloshinda chini ya maji, kwa sababu hapo ndipo mwanga unapoukaa uso wa Meya vizuri. Kabla ya wiki kwisha miche huelea, na mbuzi wa Bakawan huipokea ufukweni. Wanawake wa kitongoji walikwisha kusema mara nyingi kwamba huo si mkoko wa mahali pale na pale si mahali pa mkoko, lakini walisema bila barua. Kuhusu maji yaliyokuwa yakizidi kuizunguka nguzo mwaka hadi mwaka, halmashauri iliyafahamu vizuri. Katika taarifa zake iliyaita unyevu wa msimu.

Studio ya picha ilikuwa mkabala na soko, na mwenyewe aliitwa Nang Perla, binti wa mpiga picha wa kwanza wa mji. Aliwapiga picha wanaooana, wanaobatizwa, wanaozikwa, na Montelibre. Teryo alipomsomea Azimio, mama huyo alikwenda nyuma akarudi na masanduku ya biskuti yaliyojaa filamu. Picha za nguzo zilikuwepo zote, tangu Don Anselmo hadi mwaka jana. Hakuna mwaka uliorukwa, maana hakuna Montelibre aliyewahi kukosa picha.

Teryo alifurahi kiasi cha kuomba maji ya kunywa. Hizi ndizo zilizokuwa kumbukumbu halali, kila moja ina sura, kila moja ni shughuli rasmi. Akaagiza zikuzwe ziwe na ukubwa wa mlango, kwa kuwa mke wa Meya alitaka nyuso zionekane toka barabarani.

Aliitwa baada ya siku chache. Nang Perla alikuwa amezipanga kuzunguka kuta, kuanzia karibu na mlango. Teryo aliingia, akaanza kuhakiki sura, moja baada ya nyingine, kwa kalamu mkononi. Don Anselmo, yupo. Don Anselmo, yupo. Alipofika nusu ya chumba alipunguza mwendo. Akarudi mlangoni, akaanza upya.

"Naam," alisema Nang Perla. "Uso ukikua, na nyuma inakua. Sina mashine ya kukuza uso peke yake."

Katika picha ya kwanza Don Anselmo alisimama mkavu, suruali nyeupe, viatu vya ngozi, mbuzi amefungwa kwenye nguzo. Nyuma yake mikoko ilikuwa imesongamana kama watu mlangoni mwa kanisa siku ya Pasaka, mizizi juu ya mizizi, mpaka mwisho wa picha. Kisha miaka ilianza kwenda. Mikoko ikapungua upande mmoja, yakatokea mabwawa ya kufugia kamba. Baba yake Boyet akarithi suti na mche. Miti ikapungua tena. Mbuzi akatoweka. Mchanga ukalowa. Boyet akatokea, kijana mwenye nywele nyingi, akikata utepe wa hoteli, na nyuma ya utepe visiki vya mikoko vilikuwa bado vinatoa utomvu, na mfanyakazi mwenye shoka naye alikuwa ametabasamu kwa kuwa aliambiwa atabasamu. Halafu viatu vya Meya vikawa buti za mpira. Halafu buti zikawa ndefu. Na katika kona ya picha moja ya katikati, mdogo kama punje, alikuwepo msichana juu ya mzizi, kapu la kaa kichwani, amembeba mtoto. Teryo alimtambua msichana kwa ile kofia pana. Mtoto hakuhitaji kumtambua, alikuwa yeye.

Alikaa kwenye kigoda cha wanaopigwa picha za pasipoti.

Nang Perla alimwacha kwanza. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida ya dukani:

"Nikate nyuma? Naweza kubakiza vichwa tu. Hakuna atakayejua."

Teryo alijua kwamba hilo ndilo jibu la ajira ya kudumu. Vichwa tu, ukutani, bila pwani yoyote. Alifikiria meza isiyokaribiana na fotokopi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Azimio haliruhusu," alisema. "Kumbukumbu yenye sura ya Montelibre haikatwi."

"Haya," alisema Nang Perla, akaenda kutafuta kamba ya kuzifungia.

Taratibu zilifuatwa. Teryo alizipeleka picha zote kwa Meya ili zikaguliwe, na aliambatanisha taarifa iliyosema kwamba nyuso zote zimehakikiwa, na kwamba nyuma ya nyuso haikuhakikiwa kwa kuwa haina Montelibre. Alisimama pembeni. Meya alizitazama picha zote kwa makini, yaani alijitazama. Aliuliza kama mwaka wa mafuriko hakuonekana mnene. Mke wake alisema ni ile mikunjo ya shati. Kwa kuwa Azimio lilitaka uthibitisho, Meya alisaini kila picha, chini, kwa wino mzito, hata zile za babu yake. Kwenye ile ya utepe aliweka na moyo mdogo.

"Unaona, Teryo?" alisema. "Nguzo ni ile ile. Familia ni ile ile. Mkoa unataka ushahidi gani zaidi?"

Siku ya Mji ilifika. Ufukwe wa Bakawan ulipambwa kwa hema, bendi ya tarumbeta, viti vya plastiki, na mabango ya Meya akiwakaribisha watu kwenye pwani ambayo haikuwa yake. Picha zilisimamishwa kwa mianzi kandokando ya ufukwe, kutoka ya zamani kabisa iliyokuwa karibu na hema hadi ya mwaka jana iliyokuwa ukingoni mwa maji. Baada ya hiyo kulikuwa na fremu tupu, ya picha ya mwaka huu, ambayo ingepigwa siku hiyo hiyo mbele ya mgeni kukamilisha ushahidi.

Mgeni alikuwa Wakili Purificacion Salcedo wa Mkoa, mwanamke mfupi mwenye mwavuli, aliyekula biko yake, keki ya wali mtamu wa nazi, na kulamba jani la mgomba lililoifungia. Watu wa Bakawan walikaa mchangani. Nang Consing alikaa mbele, mikono mapajani, akimwangalia mdogo wake.

Ilipangwa Meya apigwe picha mapema, maji yakiwa chini. Lakini kulikuwa na sala, wimbo wa taifa, wimbo wa mkoa, wimbo wa mji, hotuba ya shemeji, na ngoma ya walimu waliostaafu; na bahari, ambayo haikuwa imepewa ratiba, iliendelea na kazi zake. Meya alipokwenda kwenye nguzo, iliyokuwa ikionekana ncha yake tu, buti zake zilijaa kabla hajafika nusu ya njia. Madiwani wawili walimfuata na mwavuli. Mmoja alirudi.

"Sogea nyuma kidogo, Meya," alisema Nang Perla kutoka ufukweni. "Nguzo inachungulia tu."

Meya alisogea nyuma. Maji yalimfika kiunoni, kisha kwenye kitambi. Alinyanyua mche juu kwa mkono mmoja, na kipaza sauti kwa mkono wa pili, akatabasamu.

"Kama mnavyojionea wenyewe," alisema, "hakuna kilichobadilika."

Mbuzi mmoja wa Bakawan alikuwa tayari amesogea kuusubiri mche.

Wakati huo Wakili Salcedo alikuwa amenyanyuka. Alianza kwenye picha ya kwanza, akaenda polepole, mwavuli begani, miaka ikipita pembeni yake. Alisimama kwenye mabwawa ya kamba. Alisimama sana kwenye utepe wa hoteli, akasogeza miwani, akavitazama visiki, kisha akaitazama hoteli yenyewe iliyokuwa pale nyuma na bwawa lake la moyo. Aliendelea mpaka fremu tupu, akachungulia ndani yake, na ndani yake alikuwepo Meya, akipigwa na mawimbi madogo.

"Katibu wa Kamati ni nani?" aliuliza.

Teryo alisimama.

"Hizi ndizo kumbukumbu halali za mji huu?"

"Ndizo, Wakili. Hizi tu. Nyingine zote tulizikataa kwa kura."

"Na zimethibitishwa?"

"Kila moja. Saini ipo chini."

Wakili aligeukia baharini, akauliza kwa sauti ya juu kidogo kama saini hizo ni za Mheshimiwa. Meya alijibu kwa kipaza sauti kwamba ni zake, kila moja, kwa mkono wake. Ndipo mkewe alipoitazama picha ya utepe kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama picha. Alimwita mumewe kwa ishara. Meya hakuelewa ishara. Shemeji akaingia majini na viatu vyake, akamnong'oneza sikioni, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa wazi, ufukwe mzima ulinong'onezwa.

"Nafuta!" alisema Meya. "Hizo picha nazikanusha. Ni za kughushi."

"Katibu," alisema Wakili, "anaweza kuzikanusha?"

Teryo hakuhitaji karatasi. Alifumba macho, akalisema Azimio kama Baba Yetu, polepole, mpaka mwisho: haitakatwa, haitafutwa, haitakunjwa wala kukanushwa na mtu yeyote, hata akiwa Montelibre mwenyewe.

Meya alikuwa amesimama kwenye maji, mche bado uko juu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aushushe.

"Nani aliandika kifungu hicho?"

"Wewe ulisema, Mheshimiwa," alijibu Teryo. "Mimi niliweka nukta."

Nang Perla alikuwa hajaambiwa asipige. Alipiga.

Mkataba wa Teryo ulikufa mwisho wa mwezi na haukufufuka. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko mmoja, akaiaga mashine ya fotokopi, akaenda Bakawan kugeuza ng'onda. Dada yake hakumpongeza. Alimwonyesha tu wale waliokauka upande mmoja.

Uamuzi wa Mkoa ulipofika, ulikuwa mfupi kama sheria yake. Kwa mujibu wa kumbukumbu zilizosainiwa, Bakawan yote ilikuwa mikoko. Kitongoji kitabaki na watu wake watakuwa walinzi. Hoteli itaondoka. Bwawa la moyo halikubomolewa, kwa sababu lilionekana kufaa: maji ya bahari yalikuwa yamekwisha kuliingia yenyewe, na wanawake wa Bakawan wakalifanya kitalu cha miche, miche ya mikoko ya mahali pale, ambayo waliipanda mahali pake, bila bendi, na ikashika.

Kulikuwa na aya moja ya mwisho. Mkoa ulihitaji kuendelea kujua bahari inapanda kiasi gani. Ungeweza kuleta kipimo cha chuma chenye namba, lakini Azimio la Santa Rufina lilikuwa bado na nguvu, na kipimo cha chuma hakina sura ya Montelibre. Kwa hiyo Mheshimiwa Meya aliombwa, kila Siku ya Mji, maji yakiwa juu, asimame kwenye nguzo ya babu yake, naye atasomwa. Kumtunza na kumsoma kutahitaji ofisa wa Mkoa, mwenye ajira ya kudumu, anayelijua Azimio kwa moyo. Jina la Eleuterio Pabalan lilikuwa limekwisha kuandikwa.

Meya angeweza kukataa. Lakini palikuwa na mpiga picha.

Mwaka uliofuata Teryo aliketi ufukweni kwenye kiti cha plastiki, kile cha mwananchi wa kawaida, feni ikiwa imeondolewa. Meya alisimama mahali pake, shati jeupe, mche juu. Teryo aliweka miwani sawa, akaangalia kwa makini, akaandika kwamba bahari imefika kifungo cha tatu, na kwamba kipimo kiko katika hali nzuri ila kinanung'unika. Nang Perla aliinua kamera, na Meya akasahau kunung'unika, akacheka.

Nang Consing, aliyekuwa nyuma yake na sinia la miche, aliinama akachungulia baharini.

"Mwambie asicheke, Toto," alisema. "Anatikisa maji."